Hakuna Aliyeniachia Kitu Nimtunzie

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mwanamke wa familia ya mume wangu aliyenipa hata kijiti kimoja cha muhogo nimtunzie. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa wivu. Wengine huuficha wao kwenye sala au kwenye maumivu ya kichwa. Wangu unaonekana shingoni. Shingo inakaza, na watu wa nyumbani wakiiona wanatafuta kazi ya kufanya mbali nami.

Kwetu ni mlimani, Kivu ya Kaskazini. Tulikuja Kisangani na baba yangu, aliyekuwa akileta bidhaa kwa lori: chumvi, sabuni, sukari, betri, kandambili. Nikaolewa na mtoto wa watu wa mto, wa upande wa Yanonge, tukajenga Kabondo kwenye kiwanja kimoja na mama yake na mdogo wake. Mume wangu alipofariki, watu walitegemea nirudi kwa ndugu zangu. Sikurudi. Nilikuwa na duka mbele ya kiwanja, na depo nyuma ya duka, ukuta wa matofali, mlango wa chuma, kufuli mbili. Na nilikuwa na mama mkwe ambaye nilitaka anipende. Duka liliniendea vizuri.

Niliyemwonea wivu ni mke wa shemeji yangu. Huniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa mume wangu alimtangulia wake kuzaliwa. Ni mzaliwa wa mtoni, anauza samaki wa kukaushwa sokoni, hana haraka, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu asiyekasirika anachosha sana kuishi naye. Mama mkwe alimfundisha kila kitu. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni wakichoma majani ya mtoni yaliyokauka, wakimwagia majivu maji na kuyachuja kwenye kikapu, kisha wakiyachemsha yale maji mpaka ibaki chini ya sufuria chumvi ya kijivu, chungu kidogo. Mimi nilikuwa nikiuza chumvi nyeupe kwa katoni, na bado niliwaonea wivu kwa ile ya kijivu.

Siku moja nilimwuliza mama mkwe kwa nini wanajitesa na moshi wakati duka liko hatua ishirini kutoka hapo.

"Mwanangu," akasema, "ile chumvi yako inatoka wapi?"

Nikamwambia inapitia mashariki, kwa lori.

"Na lori ikikosa njia?"

Nikasema lori halikosi njia, likikosa hii litapata ile. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake niliipokea kama tusi.

Bon, desturi yenyewe ni hii. Wanawake wa mtoni hawakai na mbegu zao wenyewe. Wanakaa na za kula na za msimu huu, lakini ile akiba, sehemu iliyo nzuri kuliko zote, mbegu za maboga, bamia, vijiti vya muhogo, machipukizi ya ndizi, wanampelekea mwanamke mwingine mahali pengine, mara nyingi ng'ambo ya mto. Naye anawaletea ya kwake. Unalinda za mwenzako kwa bidii zote, maana zako ziko mikononi mwake. Maji yakija kwako, au moto, au watu wenye bunduki, watachukua unachokula leo, lakini mwaka ujao hawatauona ulipo. Wala hawana jina kubwa la kuiita kazi hiyo. Wanasema tu, "Niliweka kwa mwenzangu."

Zile siku majeshi ya wageni yalipopigana kwa mizinga humu mjini, kabla sijaolewa, maduka yalifunguliwa kwa risasi. La baba yangu lilikuwa la tatu. Familia ya mume wangu iliporudi kutoka msituni ilikuta nyumba tupu, hata milango imebebwa. Mama mkwe alivuka mto, akarudi na vijiti vyake mgongoni, akapanda kabla hajatafuta mlango mwingine. Habari hiyo niliisikia katika kila arusi na kila matanga ya familia ile, na kila mara alitajwa mwanamke aliyemtunzia. Watu wote waligeuka kumtazama, naye akainamisha kichwa kidogo. Nilitaka wageuke hivyo kunitazama mimi. Hicho ndicho nilichotaka, na tangu mume wangu afe nilikitaka zaidi, kwa sababu sikujua tena mimi ni nani kwao.

Usidhani nilikaa kimya. Niliomba. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, depo yangu ina kufuli mbili. Panya haingii, mvua haiingii. Kwa nini hamniwekei mimi?"

Alikuwa anachambua majani ya muhogo. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ule mulango wa chuma unaita watu."

Basi. Akaendelea na majani yake. Mchana ule nilifunga duka nikaenda kulala kwa hasira, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nilipokuwa na malaria.

Kisha barabara ya mashariki ikaanza kufungwa, kufunguliwa, kufungwa tena. Redio ilitaja miji iliyoanguka, na mingine nilikuwa na shangazi ndani yake. Lori langu la sukari lilikwama njiani wiki tano. Watu wa Kabondo wakaanza kuongea kwa sauti ya chini kwenye foleni ya maji, na wanawake wa mtoni wakaanza kuvuka. Niliwaona wakifika nyuma ya toleka, zile baiskeli za abiria, wameshika mafurushi yaliyofungwa kwa majani. Walipita mbele ya duka langu, wakanisalimia kwa heshima zote, wakaenda nyuma kwa mke wa shemeji. Walipotoka hawakuwa na kitu mkononi. Asubuhi moja walipita wanne. Nilikuwa na wateja mpaka barabarani, sukari imepanda, biashara inakimbia, nami nimesimama na kipimo mkononi nimesahau nampimia nani.

Jumanne moja alikuja mama mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mtu mzima, jasho linamtoka, fungu la vijiti vya muhogo begani. Mke wa shemeji alikuwa sokoni. Mama mkwe alikuwa amepelekwa dispensari kwa ajili ya miguu yake, ambayo ilikuwa imeanza kuvimba na kumkatalia safari.

"Nitamungoja hapa," akasema yule mama.

Nikamwona anavyotazama jua na kuufikiria mtumbwi wa kurudi. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Acha kwangu, mama. Nitamupatia."

Alisita. Alilitazama duka, akanitazama mimi, na nikatamani ardhi imfunike kwa kusita kule. Kisha akaliweka fungu mikononi mwangu, kwa mikono miwili. Akaniambia ni muhogo wa bibi yake, hauozi udongoni hata mwaka wa pili, na kwamba upande wao wengi waliuacha wakafuata mbegu mpya. "Yenye ilibaki ni hii tu," akasema. Nikasema nimeelewa.

Sikumpa mke wa shemeji. Acha niseme wazi. Sikuwa na nia ya kuiba. Kijiti cha muhogo ukiibe ukakifanyie nini? Nilitaka tu kikae kwangu siku moja. Nilifagia depo, nikalilaza fungu juu ya ubao katikati ya katoni za sabuni, pakavu, pasafi, nikalifunika kwa gunia jipya, nikafunga kufuli zote mbili. Siku moja ikawa juma, na juma likawa majuma matatu. Kila asubuhi nilipofungua kutoa bidhaa nililitazama lile gunia nikajisikia mtu. Mke wa shemeji alipita uani na karai lake la samaki, nami nilimsalimia vizuri kuliko kawaida yangu. Alishangaa, najua.

Mtoto yeyote wa mtoni angeniambia. Kijiti cha muhogo kinasimamishwa wima, kivulini, mguu wake kwenye udongo wenye unyevu. Mimi muhogo niliujua ukiwa unga ndani ya gunia. Kwangu kutunza kitu ni kukiweka pakavu na kukifungia, maana ndivyo chumvi inavyotunzwa, ndivyo sukari inavyotunzwa, na ndivyo baba alivyonilea. Paa la depo ni bati tupu. Mchana huwezi kukaa ndani.

Yule mama alirudi Jumatano moja. Mto ulikuwa umepanda ukafunika shamba lake lote, na sasa alihitaji fungu lake apande upya mahali pa juu. Alipita mbele yangu akaenda nyuma kwa mke wa shemeji. Nikasikia sauti ya kuuliza, kisha sauti ya kuuliza tena. Wakaja wote wawili mpaka mlangoni pa duka, na mama mkwe nyuma yao akijikokota na fimbo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikachukua funguo, nikaenda kulitoa.

Mama wa Lubunga alikaa chini. Akachukua kijiti cha kwanza akakwaruza ganda kwa ukucha. Kikiwa hai, kinatoa maziwa meupe. Hakikutoa. Akachukua cha pili. Akavikwaruza vyote, kimoja kimoja, bila haraka, na kila kimoja akakiweka kando, mpaka fungu lote likawa upande wa pili wake. Sisi watatu tulisimama tukimtazama. Mteja alikuja kuuliza betri, nikamwambia hakuna, nazo zilikuwa zimening'inia juu ya kichwa changu.

"Nani aliviweka hivi?" akauliza.

Nilikuwa navuta pumzi niseme. Naapa nilikuwa navuta pumzi. Mke wa shemeji akanitangulia. "Ni mimi, mama. Niliogopa mbuzi, nikamuomba yaya aniwekee ndani. Kosa ni yangu." Akamwambia kwamba akiba yake mwenyewe iko kwa mwenzake hukohuko Lubunga, kesho wataenda wote wawili, watagawana nusu kwa nusu. Wakaenda kweli, na yule mama akapata cha kupanda. Lakini muhogo wa bibi yake, kwa ninavyojua, uliishia ndani ya depo yangu.

Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilimchukia siku ile kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu sasa alikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nacho. Jioni nilimfuata alipokuwa akipanga samaki wake.

"Nani alikuomba useme ni wewe?"

"Yaya, wangejua ni wewe, watu wa ng'ambo hawangekusalimia tena. Mimi watanisamehe. Wananijua."

Wananijua. Kisha akaniuliza, na najua hakuwa na ubaya, ubaya hanao, hilo ndilo tatizo lake: "Wewe, yaya, kitu yako iko kwa nani?"

Sikumwelewa.

"Kitu yako. Yenye uliweka kwa mutu."

Kila nilicho nacho kilikuwa nyuma ya kufuli zangu mbili, na funguo nililala nazo kiunoni. Miaka yote nililalamika kwamba siachiwi kitu, na mimi sikuwahi kumwachia mtu hata kiberiti. Nikamwambia samaki wake wananuka, nikaondoka.

Nilijaribu, hata hivyo. Asubuhi yake nilimbebea katoni mbili za chumvi nikamwomba anitunzie. Alizipokea kwa mikono miwili, hakuuliza za nini. Siku ya pili nilipita kuangalia kama hazijalowa. Siku ya tatu nilipita tena, nikasema nimekuja kuomba moto. Siku ya nne nilichukua moja nikasema wateja wanaisubiri, na yeye akanisaidia kuibeba mpaka dukani. Afadhali angenicheka.

Siku hizohizo kaka yangu alinipigia simu. Alikuwa amepata nafasi kwenye boti kubwa la mbao linaloshuka mpaka Kinshasa, nafasi ya bidhaa na nafasi ya mtu mmoja zaidi yake. Lingeondoka Ijumaa. "Dada, usingoje waje," akasema. "Unangoja nini huko? Watoto huna, mume huna." Nilikubali bila kuuliza mara mbili. Sikumwambia mtu. Nikaanza kupeleka sabuni bandarini kidogo kidogo kwa mkokoteni, nikisema nimepata mteja wa jumla. Nilijiambia kwamba kwao sina kitu na kwangu hawana kitu, kwa hiyo ninaweza kuondoka hata bila kuaga. Jambo hilo nilijiambia mara nyingi sana kwa siku moja.

Jumatano mama mkwe aliita familia uani. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Alitaka kila mtu ajue atakwenda wapi kama vita itafika: nani anashika njia ipi ya msitu, nani anambeba mtoto yupi, akiba ya nani iko kwa nani, na akifa mmoja nani anajua mahali pake. Aliongea nusu saa kwa utulivu, kama mtu anayepanga maandalizi ya Noeli. Mimi nilikaa pembeni kwenye kigoda, nikingoja kutotajwa.

Shemeji yangu akasema, "Na wewe, mama, tutakubeba." Alikuwa ameanza kutengeneza kiti chenye mipini miwili. Mke wake akaitikia, akasema yeye mwenyewe atashika mbele.

"Sitabebwa," akasema mama mkwe. "Mutu wa kunibeba anaacha mutoto chini. Nyinyi mutakimbia, na ni muzuri mukimbie. Mimi nitakaa kwa huyu."

Akanyoosha fimbo kunielekea.

Mke wa shemeji akasema, "Mama, miguu yako ni mimi ninayeikanda. Miaka yote hii ni mimi."

"Ninajua. Lakini wewe uko na miguu na uko na watoto wane. Huyu hawezi kukimbia. Anapenda vitu yake sana. Mutu wa mwisho akiondoka Kabondo, huyu atakuwa hapa analinda chumvi. Basi mimi nitakaa pembeni ya chumvi. Mutaniweka kwake."

Watu wakacheka. Wakageuka wote, shemeji, watoto, shangazi wawili waliotoka Isangi, wakanitazama. Nilicheka nao. Bandarini kulikuwa na katoni zangu arobaini za sabuni tayari, na siku mbili baadaye nilitakiwa niwe nazo botini nikielekea Kinshasa. Mama mkwe alinitazama moja kwa moja, yeye hacheki. Nimejiuliza mara nyingi kama alijua habari ya boti. Mkokoteni ulipita chini ya dirisha lake kila siku, na masikio yake ni mazima.

Kisha nikamwona mke wa shemeji. Alikuwa ameinamia sufuria, anaisugua na tayari ilikuwa safi, na shingo yake imekaza. Naujua mkazo ule, nimeuishi. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilisikia utamu. Nilisikia utamu mpaka miguuni, na kama kuna anayetaka kujua kwa nini nilibaki Kisangani, aache kutafuta moyo mwema, ni utamu ule.

Nilimpigia kaka. Nikamwambia aende.

"Na sabuni?"

"Nenda nazo."

"Nani atazisimamia?"

"Wewe."

Ananijua. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nimeachiwa kitu cha watu nyumbani, siwezi kuondoka.

"Kitu gani hicho kisichopakiwa kwenye boti?"

Nikamwambia ni kizee, kinalalamika, na hakitembei.

Boti liliondoka Ijumaa. Mama mkwe alihamia kwangu Jumamosi, na kitanda chake na fimbo yake, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake, pondu yangu ya majani ya muhogo haina mafuta ya kutosha na redio yangu inaongea kwa nguvu. Vita haijafika. Inaweza kufika, wengine wanasema Desemba, wengine wanasema haiji. Mlango wa chuma bado unaita watu, na sote wawili tunajua wataanzia wapi. Ikifika, watu wa nyumba hii watachukua njia zao za msituni, na sisi wawili watatukuta hapa. Naogopa, sitasema uongo. Sijutii.

Mke wa shemeji anakuja kila asubuhi kumwogesha na kumkanda miguu, maana mimi mikono yangu, mama mkwe anasema, ni ya kupimia sukari. Wanafunga mlango. Nawasikia wakiongea Kilokele, lugha yao ya mtoni, sielewi, wanacheka. Mimi nasimama nje ya mlango na taulo. Akikaa sana, nakohoa.